Mijusi wa Kisima cha Tatu

Kituo cha maji kilikuwa na visima virefu vitatu, na mtu mmoja tu aliyevijua vyote kwa sauti. Wenzake kazini walimwita Bi Geji, kwa kuwa kwa miaka ishirini na mmoja kazi yake ilikuwa kutembea kutoka kisima hadi kisima akisoma geji za presha, vile vipimo vya msukumo wa maji, na kuandika alichokiona. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na ushee, kofia pana kichwani, viatu vya mpira miguuni, asiyejua kukaa bure. Angeweza kuweka kiganja kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, akakwambia beringi imechoka, na wiki isiishe kabla mafundi hawajaitwa.

Kisima cha kwanza na cha pili vilikuwa karibu na ofisi, upande wa juu wa mji. Cha tatu kilikuwa peke yake, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu, ukingoni mwa jangwa, chini ya kilima cha mawe matupu. Maji yake yaliteremka hadi mitaa ya bondeni, alikokaa yeye na mumewe. Nyuma ya kilima, tangu miaka miwili iliyopita, kulikuwa na mgodi na bwawa lake la matope. Kutoka kisimani haukuonekana. Ulisikika tu ukisaga mawe mchana kutwa, kama tumbo la mtu aliyelala na njaa.

Hapo ndipo alipowaona mijusi. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama wima, hata nzi wamejificha. Alikuwa ameinama kusoma geji, akaona kipande cha jiwe kikihama. Akapangusa jasho machoni, akatazama tena. Halikuwa jiwe. Alikuwa mjusi wa kijivu mwenye madoadoa, mwembamba, miguu mirefu kama ya mtu aliyepanda magongo, amesimama juu ya mwamba ambao yeye Bi Geji asingethubutu kuugusa kwa kidole. Mijusi aliowajua yeye ni wale wa ukutani, wanaotoka giza likiingia kuvizia wadudu kwenye taa. Huyu alikuwa wa mchana kweupe. Akaunyanyua mkia na kuukunja, na chini yake mkia ulikuwa wa njano kama ua. Kwenye jiwe la pili mwingine akajibu kwa kukunja wa kwake.

"Kumbe mnasalimiana," Bi Geji akawaambia.

Siku ile alihesabu kumi na wanane. Walikuwa wakija kunywa. Kwenye shingo ya valvu maji yalivuja tone moja moja, na mijusi walipanga zamu kwenye mwamba, kila mmoja akalamba, akajilamba na macho pia, maana hawana kope, halafu akampisha mwenzake. Tangu hapo Bi Geji akawa anakula chakula chake cha mchana kisima cha tatu, badala ya kantini. Hakuwa na mtoto. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, alikuwa mtu mwema lakini wa maneno machache. Ile nusu saa ya kuwatazama viumbe wale wakikimbizana na sisimizi juu ya mawe ya moto ikawa kitu alichokingojea tangu asubuhi.

Baada ya miezi miwili alihesabu kumi na mmoja. Akasema ni mwewe. Wiki tatu baadaye, sita. Mwewe hakumwona hata mmoja, lakini moyo ukishapata jibu hautafuti lingine. Mara moja alimkuta mmoja chini mchangani, amelala chali, tumbo jeupe juu, mzima kabisa, bila jeraha. Alimgeuza kwa kijiti. Sisimizi walikuwa wanapita pembeni yake, hawamgusi. Jambo hilo lilimkaa vibaya kidogo, akalisahau.

Walipobaki watatu, mkuu wa kituo akatoa amri valvu ikazwe isivuje. Mkuu huyu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hata ukimwambia nyumba inaungua angekuuliza kwanza umejaza fomu ipi. Bi Geji aliwaza: tone likikatika, hawa watakufa kwa kiu. Hakujua kwamba mijusi wa jangwani waliishi mawe yale kabla ya kisima, kwa umande tu wa alfajiri. Akaamua kuwachukua.

Mara ya kwanza alijaribu mchana, kwa mkono, na aliyemdaka alimwachia mkia. Mkia ule ulibaki juu ya mwamba ukijipinda na kujirusha peke yake, muda mrefu mno, huku mwenyewe amejibanza ufani akiutazama. Bi Geji alirudi nyumbani bila hamu ya kula. Mara ya pili alitumia akili. Alifika jua halijachomoza, mawe yakiwa baridi, na mjusi aliyepoa ni mzito kama mlevi. Aliinua bamba la jiwe lililobanduka, akawakuta wote watatu wamejipanga chini yake. Akawafunika kwa chupa ya mdomo mpana, mmoja mmoja, akapitisha kadi chini. Basi.

Nyumbani wifi yake alikuwa amekaa kibarazani akimsuka mteja. Dada huyu wa mumewe alikuwa msusi mashuhuri bondeni kote, mwanamke mnene, mcheshi, vidole vyake vikikimbia kichwani mwa mtu huku mdomo ukikimbia kuliko vidole. Nyumba yao na yake zilitenganishwa na ua wa mabati.

"Wifi, umebeba nini hicho?"

"Wageni."

Wifi alichungulia chupani, akaruka nyuma na kitana mkononi. "Mijusi! Watu wanaleta nyama, wewe unaleta mijusi! Kaka yangu anajua analala nyumba moja na mamba?"

"Mamba gani, wifi, hawa hata wakiunganishwa hawajai kiganja."

"Mamba naye alianza hivyohivyo."

Mteja akacheka hadi msuko ukafumuka. Mume alipowaona alitikisa kichwa tu, akasema, "Wakinizidi kula, nitahama." Lakini ndiye aliyekata waya wa mbu na kutengeneza kifuniko.

Tangi la kioo alilipata kwa Mwalimu, jirani wa zamani ambaye sasa alifundisha sayansi, na kukaa, sekondari ya mji wa juu. Lilikuwa la samaki, limepasuka pembe moja, likazibwa kwa gundi. Mwalimu alikuja jioni moja kumwelekeza. Weka mchanga mkavu. Panga mawe bapa, ila uyakandamize hadi chini kabisa, mjusi akichimba lisije likamlalia. Taa ya joto upande mmoja tu, ili anayetaka kivuli akipate. Kila asubuhi watoe dirishani, kifuniko cha waya kielekee jua, maana jua likipitia kioo halina nguvu inayojenga mifupa. Sisimizi wadogo, nzi wa ndizi iliyooza, juu yake vumbi la ganda la yai. Na maji usiwawekee bakulini, hawayajui. Nyunyiza kioo asubuhi, watalamba matone.

Bi Geji alifuata yote. Maji alinyunyiza kwa chupa ya kupigia pasi, aliyoijaza kwenye bomba lake la jikoni.

Akawapa majina. Mkubwa alikuwa dume, mtawala wa jiwe la juu. Butu alikuwa yule aliyepoteza mkia, na kila alipomwona Bi Geji alimwomba radhi kimoyomoyo. Bibie alikuwa jike, mdogo, mjanja, ambaye baada ya mwezi mmoja alikuja mwenyewe kuchukua nzi kwenye ncha ya kibano. Wateja wa wifi wakaanza kupitia kuwatazama. Hata wifi mwenyewe, akidhani haonekani, alisimama dirishani na kuwaambia, "Nyie, mmelala? Watu wanatafuta riziki huku."

Ule ulikuwa mwezi mzuri. Bi Geji aliukumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka chumba kabla ya kujua kilichokuwa chini ya kitanda.

Mwalimu aliomba amwazime Bibie kwa wiki tatu, wanafunzi wake wamwone. Bi Geji alisita, kisha akakubali, akampa na kopo la sisimizi walewale, na mawe mawili ya kilima kilekile, asijione mgeni.

Siku ya nne baada ya Bibie kuondoka, Mkubwa alidondoka.

Alikuwa juu ya kioo, mahali ambapo mjusi hukaa siku nzima kama aliyebandikwa. Mguu mmoja uliteleza. Akaurudisha. Ukateleza tena. Kisha akaanguka mgongo chini juu ya mawe, pu, kama kipande cha mpira. Bi Geji, aliyekuwa akipiga pasi, aliweka pasi chini. Mkubwa alijigeuza, akapanda tena, akaanguka tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Sauti ile, pu, kimya kidogo, pu, ilimfuata Bi Geji hadi kazini. Aliporudi, Mkubwa alikuwa amelala chini akitetemeka, vidole vyake vimekunjamana ndani. Jumanne akafa.

Butu alianza Ijumaa. Bi Geji alibadilisha taa. Alibadilisha mchanga. Aliosha mawe, akayasugua, akayasuuza mara tatu kwa maji ya bomba. Butu alidumu siku tisa.

"Viumbe vya watu vimekataa nyumba," wifi alisema, lakini kwa upole, akamshika bega. "Pole, wifi yangu. Usilie kwa ajili ya mjusi, majirani watadhani kaka amekupiga."

Bibie aliporudi kutoka shuleni alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, anaruka. Bi Geji alifurahi hadi akaona haya. Furaha ilidumu siku nne. Siku ya tano aliingia chumbani kufungua pazia, akamkuta Bibie katikati ya kioo, mguu wa nyuma ukiteleza.

Alimbeba vilevile, na kofia hakuvaa, hadi kwa Mwalimu shuleni. "Mchukue. Sijui ninachokosea, ila kwangu watakufa wote. Mchukue."

Baada ya siku kumi Mwalimu alimwita. Bibie alikuwa juu ya kioo, kichwa chini, ametulia tuli.

"Unampa nini?" Bi Geji aliuliza.

"Hivyo hivyo unavyompa wewe. Sisimizi wako. Mawe yako. Taa ya wati sawa." Mwalimu akaangalia chupa ya kunyunyizia iliyokuwa mezani. Bi Geji naye akaiangalia. Shule ile ilipata maji kutoka kisima cha kwanza. Bi Geji ndiye aliyechora ramani ya mabomba yale kwa mkono wake; hakuhitaji kuelezwa maji gani yanakwenda wapi.

"Inaweza kuwa kitu kingine," Mwalimu akasema.

"Inaweza," akajibu.

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa amekaa kitandani akijikanda nyayo. Alikuwa na tabia hiyo kwa miezi sasa. Alisema miguu inamchoma, kama amevaa soksi za sindano, na wote wawili walilaumu ile miaka thelathini ya kukanyaga klachi. Kando yake palikuwa na jagi la maji. Mzee yule alikuwa mnywaji wa maji, hakuna mfano. Daktari mmoja alimwambia zamani maji ni dawa, akaamini.

"Nimiminie mke wangu," akasema.

Bi Geji alilichukua jagi. Aliliinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa safi, hayana rangi, hayana harufu. Akayamwaga karoni mpaka tone la mwisho.

Kesho yake alikwenda kwa Bwana Taratibu. Alijipanga vizuri, akaeleza kwa utaratibu: valvu, mijusi kumi na wanane, kufa kwao, shule, kisima cha kwanza, kisima cha tatu, mgodi nyuma ya kilima na bwawa lake la matope. Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi, hakuandika.

"Kwa hiyo," akasema, "nimwandikie mkurugenzi kwamba mjusi wako ameteleza."

"Mwombe apime maji, bwana."

"Maji yanapimwa kila baada ya miezi sita. Yalipimwa, yakafaulu. Yatapimwa tena miezi miwili ijayo. Ndiyo taratibu." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Bi Geji, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Ukisema neno hili huko nje, watu elfu nne watakimbilia kwenye lango langu na madumu. Kama si kweli, umeichafua idara. Kama ni kweli, wa kwanza kuulizwa ni anayesoma kisima kila siku. Umenielewa?"

Alimwelewa. Alipotoka, karani mmoja aliyesikia kupitia mlangoni alimwita, "Bi Geji, leo presha ya mijusi ni ngapi?" Chumba kizima kikacheka. Naye, Mungu amsamehe, alicheka pamoja nao.

Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye mawingu alikuwa ameshayaona. Alichofanya ni kujifunika kichwa chake mwenyewe. Kila jioni alijaza madumu mawili kwenye bomba la kisima cha kwanza, akayafunga kwenye baiskeli, akayasukuma hadi nyumbani. Mumewe hakuuliza. Maji ya bomba wakaogea na kufulia tu. Wiki ya pili mzee akasema miguu ina nafuu, labda ni ule mkando. Bi Geji alisikia maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu, maana sasa hakuweza tena kujiambia kwamba hajui.

Siku moja wifi alisimama kwenye ua wa mabati akamwona anashusha madumu.

"Wifi, hayo ya nini? Bomba lako limekufa?"

Ulikuwa ndio wakati wenyewe. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Bi Geji aliona sura ya Bwana Taratibu, akasikia kile kicheko cha ofisini, akawaona watu elfu nne langoni. Tena mdomo wa wifi aliujua: kumwambia yeye ni kupanda mnarani na kutangaza.

"Presha ndogo tu," akasema.

"Kwangu inatoka kwa nguvu. Si uchote kwangu, unajitesa bure?"

"Nitakuja."

Wifi alikuwa na kikombe mkononi. Alikunywa pale pale, akiongea, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Bi Geji alilitazama koo lake likishuka na kupanda.

Zilipita siku kumi na tisa tangu alipotoka ofisi ya mkuu. Katika siku hizo aliamka, akasoma geji, akaandika. Kisima cha tatu kilikuwa kimya sasa, hakuna kinachotembea juu ya mawe. Alipanda kilima mara moja, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaliona bwawa la mgodi kwa mara ya kwanza. Lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, la rangi ya chai ya maziwa, na halikuwa na mbu wala ndege. Maji yalikuwa yamepanda karibu na ukingo wa upande wa huku. Chini ya ukingo ule mchanga ulikuwa umelowa. Alisimama akaufuata ule unyevu kwa macho, polepole, kuteremka mteremko, hadi ulipoingia chini ya mawe kuelekea kisima.

Hata siku hiyo alirudi akaandika presha, akaenda nyumbani.

Siku ya kumi na tisa alikuwa kibarazani kwa wifi. Mteja alikuwa binti anayeolewa kesho yake, na nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Wifi alikuwa akisimulia kisa cha mwanamume aliyesuka ndevu, na katikati ya kisa akanyamaza. Nywele zilikuwa zimemtoka vidoleni. Akazishika tena. Zikatoka. Alitazama mikono yake kama anatazama ya mtu mwingine.

"Vidole vimekufa ganzi," akasema. Akajaribu kucheka. "Tangu juzijuzi. Leo hata sindano siihisi. Wifi, hebu nishike."

Bi Geji alimshika. Vidole vilikuwa na ubaridi, ngozi ya kiganja imekuwa ngumu na kukwaruza, na vilikuwa vinajikunja ndani taratibu. Aliwahi kuona vidole vikijikunja vile.

Hakuaga. Alisukuma baiskeli yake hadi kisima cha tatu bila kofia, jua la saa nane likimpiga utosini, akafungua kibanda kwa ufunguo wake, akazima pampu. Kisha akashika gurudumu la valvu kuu, akalizungusha hadi likakataa kuendelea, akatoa mnyororo wa kufungia baiskeli na kufuli, akalifunga. Ufunguo wa kufuli akautupa katikati ya mawe. Alipomaliza alikaa chini. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja, mahali pale hapakuwa na sauti ila ule mgodi.

Bondeni mabomba yalikoroma, yakatapika hewa, yakakauka. Baada ya saa moja Bwana Taratibu alifika na gari la idara, jasho limemlowesha kola.

"Umeamriwa na nani?"

"Sikuamriwa."

"Unajua umeshafukuzwa?"

"Najua. Kata huo mnyororo ukitaka, lakini kata wewe, kwa mkono wako, na watu wote wakuone." Na kweli watu walikuwa wameanza kufika, madumu mikononi, wamekasirika, wanauliza. Bi Geji alisimama juu ya mwamba akawaambia. Hakusema vizuri, alichanganya mijusi na mabomba, wengine wakazomea. Lakini Mwalimu alikuwa amefika, na mume wake, na kina mama watatu wakatazamana wakanyoosha mikono yao mbele, kila mmoja akiangalia ya mwenzake. Kelele zikafa moja moja. Bwana Taratibu alitazama mikono ile. Hakuukata mnyororo.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tano. Sumu itokayo kwenye mawe yanaposagwa, walisema, imevuja kutoka bwawani. Imezidi kipimo mara nyingi. Kisima kikazibwa kwa zege. Bwana Taratibu alihamishwa, na Bi Geji akarudishwa kazini kwa barua fupi isiyomsifu wala kumlaumu. Maji ya bondeni yakaanza kuletwa kwa lori. Watu mia mbili na kitu walikutwa na ganzi au vidonda vya ngozi. Wazee wawili walikuwa wamekufa mwaka ule kwa ugonjwa wa tumbo, na hakuna aliyejua wahesabiwe wapi.

Kamati ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wa shule. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani, alimuuliza maswali mengi, na mwisho akauliza lile moja.

"Ulianza kushuku lini?"

Angeweza kusema siku ya vidole. Ofisini waliojua wasingejitaja, na Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Bi Geji alimwona wifi mstari wa tatu, mikono imefungwa kwa vitambaa, ameilaza mapajani kama vitu vilivyoazimwa.

"Siku ishirini kabla ya kufunga valvu," akasema. "Siku hizo nyumbani kwangu tulikunywa maji ya kisima cha kwanza. Niliyabeba mwenyewe."

Wifi hakugeuza uso. Alisema tu, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia: "Presha ndogo."

Kwa miezi miwili hawakusemeshana. Mume alikwenda kwa dada yake, akarudi, hakueleza walichozungumza. Bibie alibaki kwa Mwalimu, kwenye tangi jipya. Bi Geji alialikwa kwenda kumtazama, hakwenda.

Madaktari walimwambia wifi hisia huenda zikarudi, huenda zisirudi, za vidole huchelewa. Kusuka kukaisha. Wateja wakaenda kwingine, kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea. Asubuhi moja Bi Geji, akianika nguo, alimwona kupitia ua wa mabati akihangaika na vifungo vya blauzi. Kifungo kilimponyoka, akakifuata, kikamponyoka. Alihangaika nacho hivyo hadi Bi Geji akashindwa kuvumilia, akazunguka ua, akapiga hodi, akaingia bila kujibiwa. Akamfunga vifungo, kimoja kimoja, kuanzia chini. Wifi alitazama ukuta.

Tangu siku hiyo anakwenda kila asubuhi kabla ya kazi. Humfunga vifungo, humchana nywele, humletea maji ya kunywa ya siku nzima kwenye ndoo yenye kifuniko. Wifi ameanza kuongea kidogo, habari za bei ya sabuni, za jirani aliyenunua mbuzi kilema. Mara moja hata alicheka. Lakini Bi Geji akichota kikombe na kumpelekea mdomoni, wifi hugeuza uso.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye lori, wifi. Lori linachota kisima cha pili."

Na kisima cha pili, sampuli yake imepelekwa maabara, majibu bado.

"Kunywa wewe kwanza," wifi humwambia.

Bi Geji hunywa. Kisha wote wawili hukaa kimya, wifi akimtazama, mpaka aridhike.